Kutengeneza na Kunyamazisha

Kila chombo kimtumikiacho mwanadamu kina haki fulani juu yake. Kisu kina haki ya kunolewa, jembe lina haki ya kutiwa mpini ulio imara, na mashua ina haki ya kuzibwa nyufa zake kabla ya kushushwa majini. Haki hizo zikinyimwa, chombo hakina mdomo wa kulalamika. Lakini hulipiza kisasi kwa njia yake, na mara nyingi kisasi hicho humwangukia mtu ambaye hakukosa. Kwa hiyo swali la matengenezo, ambalo watu wengi hulihesabu kuwa la mafundi peke yao, ni swali la maadili pia. Lastahili kuulizwa katika vyumba vya masomo kama liulizwavyo chini ya magari.

Mfano ulio wazi ni wa lori kubwa na mfumo wake wa kupoza injini. Saa ya mkononi ikisimama, hasara ni ya mvaaji. Lori si hivyo. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki huruhusu magari makubwa yenye ekseli nyingi kufikia uzito wa tani 56 pamoja na shehena. Na uzito huo husafiri katika barabara ile ile wapitamo watoto waendao shule, mabasi ya abiria na wachunga ng'ombe. Dereva wa lori kama hilo ainuapo kichwa cha gari, akashika spana na kuitengeneza rejeta kwa mkono wake mwenyewe, je, atenda tendo la kusifiwa au la kulaumiwa? Wako wasemao kuwa ni sifa, kwa kuwa amejitegemea. Wako wasemao kuwa ni lawama, kwa kuwa ameingilia kazi isiyo yake. Pande zote mbili zastahili kupimwa, maana kila upande umeshika sehemu ya ukweli na kuiacha sehemu nyingine.

Barabara itokayo Dar es Salaam kwenda Tunduma, mpakani mwa Tanzania na Zambia, ina urefu wa zaidi ya kilomita 900. Huanza karibu na usawa wa bahari, hupita Morogoro na mbuga ya Mikumi, hushuka katika bonde la Ruaha Mkuu, kisha huukabili mlima wa Kitonga kabla ya kufika nyanda za juu za Iringa na Mbeya. Kitonga ndipo malori yanapotahiniwa. Gari lenye shehena nzito hupanda kwa gia ndogo, polepole kama mtu abebaye gunia kichwani. Injini hutoa nguvu zake zote, lakini ule upepo wa mwendo, ambao katika tambarare huisaidia rejeta, haupo. Feni hubaki peke yake. Hapo mshale wa geji ya joto huanza kupanda, na gereji iko mbali nyuma au mbali mbele. Mahali kama hapo swali la nani atengeneze haliwezi kuahirishwa.

Ili hukumu iwe ya haki, yafaa kazi ya mfumo huo ieleweke. Ndani ya silinda za injini ya dizeli, moto wa mafuta huweza kupita nyuzi 2,000 za Selsiasi kwa kitambo kifupi mno, ilhali alumini, ambayo pistoni nyingi zimefanyizwa kwayo, huyeyuka kwa nyuzi 660. Madini na moto wa namna hiyo havingeweza kukaa nyumba moja bila ya msuluhishi, na msuluhishi huyo ni maji. Pampu huyasukuma yazunguke kuta za silinda, yapokee joto, yaende katika rejeta, yalitue kwa hewa inayovutwa na feni, kisha yarudi. Katikati ya njia ipo thamostati, mlango mdogo ujifunguao wenyewe maji yafikapo nyuzi 80 hadi 90 hivi, na kujifunga yapoapo. Juu upo mfuniko, ambao wengi huudhani kuwa kizibo tu. Kumbe kazi yake ni kuyatia maji mkazo ili yasichemke mapema. Mbeya mjini, katika kimo cha mita 1,700 hivi, maji yaliyo wazi huchemka kwa nyuzi 94 hivi, wala hayangoji kufika 100. Mfuniko wenye kuhimili paundi 15 kwa kila inchi ya mraba hukipandisha kiwango hicho kwa nyuzi 25 hivi. Mfuniko uliolegea, ambao pwani haukuleta taabu, huweza kuleta aibu mlimani.

Wale wasemao kuwa dereva asiiguse injini wana hoja yenye nguvu. Jamii, wasema, imegawa kazi ili kila kazi ifanywe na aijuaye. Mgonjwa hajipasui mwenyewe, wala mshitakiwa hajihukumu. Na mtu ajitengenezeaye gari ni mshitakiwa na hakimu katika kesi moja: ndiye aliyechelewa, ndiye atakaye kufika, na ndiye atakayeamua kama gari limepona. Hakimu mwenye haraka ya namna hiyo ni vigumu kuaminiwa.

Hoja hii ni ya kweli kwa sehemu kubwa, lakini ina kasoro mbili. Ya kwanza, hudhani kwamba fundi yupo kila mahali. Ya pili, hata fundi apatikanapo, mtu asiyejua lolote hawezi kuipima kazi aliyofanyiwa. Hulipa kwa imani na kusafiri kwa imani. Na imani isiyo na ujuzi wowote, katika mambo ya chuma na moto, ni jina jingine la uzembe. Si lazima mtu awe tabibu ili ajue kwamba mwanawe ana homa. Mzazi asiyejua hata hilo hawezi kusamehewa kwa kusema kwamba kazi ya utabibu si yake.

Upande wa pili hutaja neno tukufu katika historia ya Tanzania. Februari 1967 chama cha TANU kilitangaza Azimio la Arusha, na mwezi uliofuata Julius Nyerere akatoa waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea. Tangu wakati huo kujitegemea kumekuwa sifa ambayo watu wachache huthubutu kuihoji. Lakini neno lenyewe lina masharti ndani yake. Kutegemea ni kuweka uzito juu ya kitu. Na kitu hicho sharti kiwe imara, la sivyo aliyekiegemea ataanguka nacho. Silabi ndogo ya -ji- humfanya mtu mmoja kuwa mwegemeaji na mwegemewa. Basi ajitegemeaye hakuliondoa swali la uimara. Amelitwaa kutoka kwa fundi akaliweka juu ya nafsi yake. Kama hawezi kuaminiwa kwamba atajiambia ukweli, ana nini ndani yake cha kutegemewa?

Hapo ndipo penye moyo wa jambo hili. Mkono ulioshika spana ukiwa wa dereva au wa fundi, swali zito ni kama mkono huo waitafuta sababu ya joto au waitafuta njia ya kutoliona.

Desturi moja iliyoenea katika gereji na kando ya barabara za Afrika Mashariki yatosha kuonyesha hatari yenyewe. Injini ichemkapo, mtu huitoa thamostati na kuitupa, kisha hupafunga pahali pake pakiwa patupu. Sababu itolewayo ni kwamba kifaa hicho kiliundiwa nchi za baridi, na nchi za joto hazikihitaji. Sababu hiyo ina sura ya hekima, na mara nyingine hata geji huikubali, kwani mshale hushuka. Lakini injini ya dizeli ifanyayo kazi katika ubaridi kupita kiasi haichomi mafuta yake yote. Mafuta yasiyoungua huiosha oili kutoka katika kuta za silinda, na kuta husagika kabla ya wakati wake. Zaidi ya hayo, katika injini nyingi kubwa thamostati ina kazi mbili: huifungua njia ya kwenda katika rejeta, na papo hapo huifunga njia ya mkato irudishayo maji katika injini. Ikiondolewa, njia ya mkato hubaki wazi, na sehemu ya maji huzunguka bila ya kuiona rejeta kamwe. Mpandaji wa Kitonga aliyeitoa thamostati ili apate baridi aweza kukuta kwamba amejiongezea joto. Na kama rejeta yake ilikuwa imeziba tangu mwanzo, ingali imeziba.

Mfano wa pili ni mdogo zaidi, na mafunzo yake ni makubwa zaidi. Chini ya pampu ya maji ya injini nyingi pana kitundu kilichowekwa makusudi na waundaji. Sili ya ndani ianzapo kuchakaa, maji hudondoka kupitia kitundu hicho, ili mwenye gari aone na pampu ibadilishwe kabla beringi zake hazijaharibika. Wapo waonao matone hayo, wakakiziba kitundu. Matone hukoma, na pahali pa kuegeshea gari hukauka. Lakini maji yaliyonyimwa njia ya kutokea huingia katika beringi. Na siku pampu ikwamapo, huenda ikaukata mkanda na kuisimamisha feni pamoja nayo. Mtu huyo alimziba mdomo mjumbe aliyetumwa kumwonya, na akajisifu kwa utulivu uliofuata.

Wako tena wamwagao yai au pilipili manga iliyosagwa ndani ya rejeta inayovuja, ili chembe zake zikwame katika ufa. Ufa huziba, lakini chembe hazichagui, na hukwama pia katika mirija myembamba ambayo haikuwa na kosa. Rejeta iliyovuja mahali pamoja sasa yapitisha maji kwa shida mahali pengi, na mwenye gari hana habari, kwa sababu chini ya gari pamekauka.

Lugha yenyewe hutenganisha mambo haya kwa wale waisikilizao. Kutengenea ni kuwa katika hali ipasayo; kutengeneza ni kukirudisha kitu katika hali hiyo. Kukifanya kitu kionekane kuwa kimetengenea, ilhali hakikutengenea, hakumo katika neno hilo. Kunaweza kuitwa kunyamazisha. Joto, tone, moshi na mlio usio wa kawaida ni maneno ya injini. Na mtu ayazimaye maneno bila ya kuyajibu amelitenda jambo lile lile alitendalo mtawala awafungaye waletao malalamiko, kisha akatangaza kwamba nchi ina amani. Wahenga walinena kwamba mficha maradhi kilio humfichua. Barabarani neno hilo huongezewa uchungu mwingine: aliyeficha maradhi ni mmoja, na kilio huweza kutoka katika nyumba ya mwingine.

Mtu mwenye uzoefu wa safari atapinga maneno haya, na kwa haki. Atasema kwamba mafunzo hayo yafaa gereji yenye vifaa vyote. Lakini usiku, mlimani, shehena ikiwa nyuma na maji yakimwagika, mtu hutenda awezalo. Kupinga huku kwahitaji jibu la heshima. Nahodha wa jahazi lililotoboka katikati ya mkondo haanzi useremala. Huwaamuru mabaharia wafue maji mpaka bandari ionekane. Hakuna amlaumuye. Lakini hakuna nahodha mwenye akili aliyeliita tendo hilo matengenezo. Kufua maji ni kazi moja na kutia kalafati ni kazi nyingine, na lugha ya pwani imezipa majina mawili mbalimbali.

Dereva aifungaye paipu iliyopasuka kwa ukanda wa tyubu ya gurudumu, akaijaza rejeta maji ya mto, yuafua maji. Amefanya vema. Lakini maji ya mto au ya kisima aghalabu yana chokaa, na chokaa huacha gamba lizuialo joto kutoka. Na katika injini ambazo laina zake huguswa na maji, mtetemo wa laina huzaa viputo vidogo ambavyo, vipasukapo, huidonoa chuma kidogo kidogo. Dawa zilizomo katika kulanti huweka utando wa kuikinga laina. Maji matupu hayana kinga hiyo, na baada ya muda laina huweza kutoboka, maji yakaingia katika oili. Maji matupu, basi, ni ya kufikia bandari. Ayafanyaye kuwa desturi ya mwaka mzima amesahau kwamba alikuwa baharini.

Mambo matatu huutenga msaada wa dharura na udanganyifu. Kwanza, msaada wa dharura huitwa kwa jina lake: aliyeufanya hajiambii wala hamwambii mtu kwamba gari limepona. Pili, una mwisho uliowekwa: mji fulani, siku fulani, gereji fulani. Tatu, hutolewa taarifa kwa kila mtu ambaye maisha yake yataushukia. Sharti hili la tatu ndilo zito, kwa sababu lori hupita mikononi mwa wengi. Dereva wa mchana hulikabidhi kwa dereva wa usiku; tajiri wa leo huliuza kwa tajiri wa kesho. Dereva akabidhiye gari kwa mwenzake bila ya kumwambia kwamba paipu ya chini imefungwa kwa tyubu amempa ufunguo na kumnyima habari. Mwenzake atapanda mlima akiwa na tumaini ambalo halina msingi, na tumaini hilo si kosa lake.

Wala lawama haiwezi kukomea kwa dereva. Mwenye gari, ambaye madereva humwita tajiri hata kama mali yake ni lori moja la mkopo, ana sehemu yake. Akimlipa dereva kwa safari, akamkata kwa kuchelewa, akamkatalia fedha za mfuniko mpya, kisha akamfukuza yule wa kwanza kusema kwamba injini ina maradhi, basi amefungua shule ya kunyamazisha na kuwatoza wanafunzi ada. Umaskini huweza kumsamehe mtu kwa kukosa kifaa. Hauwezi kumsamehe kwa kuficha kwamba kifaa hakipo. Hata hivyo ni kweli kwamba kusema kwaweza kumgharimu dereva kazi yake, na watoto wake chakula chao. Katika hali hiyo hatia hugawanyika. Aliyeficha ana yake, kwa sababu barabara haikumkosea neno. Lakini aliyeufanya ukweli kuwa kosa la kuadhibiwa ana kubwa zaidi, kwa sababu hakuwa na njaa alipofanya hivyo. Mahakama huenda zisiweze kuipima tofauti hiyo. Maadili yapaswa kuipima.

Basi ajitengenezeaye kwa haki hufanyaje? Sharti la kwanza ni subira. Maji yaliyotiwa mkazo hukaa maji ingawa joto lake limepita nyuzi 100. Mfuniko ukifunguliwa kabla hayajapoa, hugeuka mvuke mara moja na kuruka juu. Dereva akimtuma utingo aufungue, kijana asiye na sauti mbele yake, amenunua dakika chache kwa ngozi ya uso wa mwingine. Kadhalika maji baridi yakimwagwa katika injini iliyo moto sana, chuma huweza kupasuka, na hitilafu ya saa moja ikawa hasara ya miezi mingi. Haraka hapa ina wahasiriwa wanaojulikana.

Sharti la pili ni mpango katika kuuliza. Mwenye busara huanza na yaliyo rahisi: kiasi cha maji, paipu na vibano vyake, mkanda wa feni, mfuniko, mapezi ya rejeta yaliyojaa vumbi na wadudu; kisha huendelea na thamostati na pampu. Hakihukumu kifaa kabla ya kukisikiliza. Thamostati ishukiwayo hutiwa katika sufuria ya maji juu ya jiko. Yakipata joto la kutosha isifunguke, imekufa na ibadilishwe. Ikifunguka, haina hatia na irudishwe mahali pake. Jaribio hilo la dakika chache humpa mpishi wa chai uwezo wa kuamua jambo ambalo wengi huliamua kwa uvumi.

Sharti la tatu ni kuujua mpaka. Viputo vikitoka mfululizo katika rejeta injini ikiwaka, oili ikiwa nyeupe kama maziwa, moshi mweupe usiokoma ukitoka nyuma, huenda gasketi ya silinda hedi imeungua au chuma kimepasuka. Kazi hiyo yataka uso ulionyooka uliopimwa, na boliti zilizokazwa kwa kipimo na kwa mpangilio wake. Kuifanya kandoni mwa barabara kwa kukisia hakumo katika kujitegemea. Aliyefika hapo akasimama, akafunga spana zake na kutafuta gari la kumvuta, amejitegemea kuliko aliyeendelea, kwa maana ameitegemea akili yake mahali ambapo mkono wake ulikuwa umefika mwisho.

Tena kuna wajibu usiohusu injini hata kidogo. Lori likisimama mlimani, utingo hutafuta mawe ya kuyazuia magurudumu. Na wapitao barabara za nyanda za juu wanajua ni mara ngapi gari huondoka na mawe yakabaki katikati ya njia, yakingoja pikipiki ya usiku. Matawi ya miti ambayo madereva huyatandaza nyuma ya gari lililoharibika, pamoja na zile pembetatu za kuakisi mwanga, ni maneno ya ukweli yasemwayo kwa watu wasiojulikana: hapa mbele pana hatari. Aliyeyaweka kisha akaacha mawe yake nyuma amesema kweli kwa saa mbili na kuacha uongo kwa usiku mzima. Hata kulanti imwagwayo chini ina hesabu yake. Nyingi zina sumu yenye utamu, na mbwa au mtoto aweza kuvutwa na utamu huo. Matengenezo ya mtu mmoja hayaishii katika gari lake.

Katika magari ya miaka hii kompyuta huitazama injini. Joto likizidi huipunguza nguvu, na huandika hitilafu katika kumbukumbu yake. Kwa sababu hiyo wako wadhanio kwamba swali hili limekwisha, kwa kuwa chombo sasa chajilinda chenyewe. Lakini wako pia waidanganyao kompyuta ili isione joto, na gari likaendelea kupanda. Kitambuzi kilichodanganywa ni kile kitundu cha pampu kilichozibwa, kimebadilika umbo tu. Maendeleo ya ufundi humwongezea mwanadamu wajumbe, hayamlazimishi kuwasikiliza.

Yafaa pia kukumbuka kwamba fundi na kufundisha ni maneno ya shina moja. Fundi wa kweli humwachia mwenye gari ujuzi kidogo pamoja na gari lililopona: humwonyesha kifaa kilichokufa na kumweleza kilivyokufa. Dereva aliyefunzwa hivyo hamdharau fundi, wala hamnyang'anyi riziki yake. Huwa mteja bora, awezaye kusema gari limeanza kuumwa lini, katika mlima upi, kwa dalili zipi. Hivyo ugomvi wa pande mbili zilizotajwa mwanzoni wapungua nguvu. Anayejua kidogo kwa uaminifu na anayejua sana kwa uaminifu hawana vita. Adui wao ni mmoja, naye ni yule atakaye geji itulie, bila kujali injini.

Hukumu, basi, yaweza kutolewa. Kukitengeneza chombo chako kwa mkono wako ni sifa, na mahali pengine ni lazima. Lakini sifa hiyo yategemea ukweli kuliko ushujaa. Kipimo chake ni rahisi, na kila mtu aweza kukitumia pasipo kwenda chuoni. Mtu amalizapo kazi yake juu ya injini, na ajiulize kama aweza kumhesabia dereva ajaye, bila ya kuruka hata moja, mambo yote aliyoyafanya na mambo yote aliyoyaacha. Kama aweza, na aondoke salama. Kama kuna jambo moja ambalo angependa lisitajwe, hilo ndilo ambalo bado halijatengenezwa.